Nzi wa Rasta

Pazi, ibane ndoana kwenye koleo,
tundu lake likutazame wewe.
Usiuvute uzi kwa hasira.
Uzi wa nzi ni kama mstari wa kwanza wa twende kilioni:
ukilegea mwanzo, kichwa kizima kimelegea.

Saluni hii haitupi kitu.
Rasta nyeusi, inchi mbili: mgongo wa dagaa.
Rasta nyeupe chini yake: tumbo.
Katikati nyuzi tatu za karatasi ya zawadi, ile inayometa,
kisha rangi ya kucha, matone mawili, kichwa kigande.
Usisahau macho.
Samaki mkubwa huanza kula machoni.

Huyo ni wa kolekole.
Mtafute Kigamboni maji yakianza kujaa,
pale miamba inapozama mmoja mmoja.
Mrushie mbele ya njia yake, si kichwani,
halafu vuta mshipi kwa mkono wa kushoto, upesi, upesi,
kama mama anayeanua nguo mvua ikidondoka.
Usisite.
Dagaa wa kweli hasimami kumsalimia anayemla.

Perege ana mambo yake.
Perege wa mashimo ya mchanga kule Bunju
hataki fujo za mjini.
Mfungie nzi mdogo kama punje ya mchele,
unyoya wa shingo ya jogoo, mizunguko miwili, basi.
Mwache nzi azame. Mwache.
Hesabu ishirini, polepole,
kama unahesabu chenji ya mtu usiyemwamini.
Mshipi ukijikunja hata kidogo, inua mwanzi.

Mwatiko hula ukoga: uzi wa sweta, kijani,
na usivute kabisa.
Mzia ana meno, kwa hiyo waya wa breki ya baiskeli.
Marehemu mume wangu alipoteza nzi tisa kwa siku moja
akiapa kwamba waya ni woga.

Na mkizi?
Wanasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi.
Mimi sijamwona akikasirika.
Hupita kando ya nzi wangu
kama mteja aliyekwisha kusuka kwa jirani.

Kurusha nilijifunzia uwanja wa shule, Tandika,
watoto wakicheka: mama anachapa hewa!
Nyuma. Ngoja.
Mshipi unyooke nyuma yako
kabla hujautaka mbele.
Wengi hawangoji,
ndiyo maana wengi hujinasa masikio.

Sasa huyu, Pazi, usimguse.
Jumanne alikuja Bi Mwantumu, kitambaa mkononi.
"Zimeanza kudondoka," akasema,
"nimeona nizitangulie. Ninyoe."
Nikanyoa. Nikashika ufagio.
"Usizifagie. Si mnafunga wadudu wenu kwa nywele?"

Nikamfunga mmoja tu.
Mvi kwenye shina, nyekundu ya hina kwenye ncha,
hakuna rangi ya kununua hapo.
Alipolazwa Ocean Road nilishuka ufukweni alfajiri,
maji yakipwa, wodi yake nyuma yangu ng'ambo ya barabara.
Nyuma. Ngoja.
Mshipi ukanyooka kuelekea madirisha,
ukakaa hewani kidogo kuliko kawaida,
au ni mimi niliyechelewa kuuita.
Kisha mbele.

Nilirusha mpaka maji yakaniacha kwenye mchanga mtupu.
Sikupata kitu.
Saa ya kuona wagonjwa nikapanda na chupa ya uji,
suruali bado imelowa magotini.
"Wangapi?" akauliza.
Sikutaka kumdanganya mtu anayetapika.
Nikamwambia mmoja alimfuata nzi
hadi karibu na miguu yangu,
akatazama, akageuka.

Bi Mwantumu akapapasa upara wake,
mkono wa dripu, taratibu.
"Basi ameziona," akasema.
Akaomba uji.